Saa za Kwanza Baada ya Kisu

Mwaka 1882 meli ya Dunedin iliondoka New Zealand ikiwa na karibu mizoga 5,000 iliyogandishwa, mingi ya kondoo. Ilitia nanga London baada ya siku 98, na nyama ikauzwa sokoni bila shida. Tangu hapo nchi ile ya wafugaji ikajenga uchumi wake juu ya barafu, malisho yakiwa upande mmoja wa dunia na walaji upande wa pili. Kwa zaidi ya miaka 70 kila hatua mpya ya ufundi wa majokofu ilipokelewa kama neema. Kisha, kuelekea mwishoni mwa miaka ya 1950, viwanda vikapata uwezo wa kugandisha haraka kuliko zamani. Mwanakondoo alikuwa akichinjwa, akichunwa, na baada ya muda mfupi tu yuko kwenye baridi kali. Ndipo malalamiko yakaanza kurudi kutoka ng'ambo: nyama ni safi, haina harufu mbaya, lakini haitafuniki.

Wanakondoo walikuwa wachanga kama wale wa zamani, wa mbegu zilezile, wa majani yaleyale. Kilichobadilika ni kasi ya baridi peke yake. Watu wa viwandani waliona jambo hilo halina maana, kwani baridi huhifadhi; itawezaje kuharibu?

Jibu lilitoka kwa R. H. Locker, mtafiti wa taasisi ya utafiti wa nyama ya nchi hiyo, MIRINZ, mjini Hamilton. Mwaka 1960 alikuwa ameshaonyesha kwamba ulaini wa nyama ya ng'ombe unafuata urefu ambao msuli umebaki nao baada ya kukakamaa: msuli uliojikunja ni mgumu, msuli uliobaki umenyooka ni laini. Mwaka 1963, yeye na mwenzake Hagyard walichukua msuli mrefu wa shingo ya ng'ombe aliyechinjwa muda uleule, wakaukata vipande, wakaviweka katika halijoto mbalimbali na kupima urefu wake. Kwenye nyuzi joto 14 hadi 19 hivi, vipande vilipungua kidogo, chini ya sehemu moja ya kumi. Kwenye nyuzi 2, vilijikunja hadi kupoteza karibu nusu ya urefu wake. Miaka mitatu baadaye Marsh na Leet, wa taasisi hiyohiyo, walionyesha gharama yake mdomoni: kadiri msuli unavyopungua kuelekea asilimia 40, ugumu wa nyama iliyopikwa unapanda mara kadhaa.

Mtu atauliza, msuli uliokufa unajikunjaje? Hapo ndipo penye kiini cha sura hii. Mnyama amekufa, lakini msuli wake bado.

Moyo ukisimama, damu haifiki tena na oksijeni inakwisha, lakini seli za msuli zinaendelea na kazi. Zinatumia ATP, molekuli inayobeba nishati katika kila kiumbe hai, na ili kuitengeneza upya zinavunja glaikojeni, sukari ya akiba iliyomo msulini, ambayo ni kiasi cha asilimia moja ya uzito wake. Pasipo oksijeni, glaikojeni inaishia kuwa asidi ya laktiki. Mnyama alipokuwa hai, asidi hiyo ingechukuliwa na damu. Sasa inabaki palepale, inarundikana, na pH ya msuli inashuka kutoka kama 7 hadi karibu 5.5. Kwa ng'ombe aliyepozwa kwa utaratibu, safari hiyo huchukua siku nzima au karibu yake.

Msuli wenyewe umejengwa kwa nyuzi za protini mbili, aktini na mayosini, zinazoingiana kama vidole vya mikono miwili. Kalsiamu ikimwagika kutoka kwenye vifuko vyake ndani ya seli, nyuzi zinashikana na kuvutana, msuli unafupika. Ili ziachiane zinahitaji ATP. Hili watu wengi hulidhani kinyume: nishati inahitajika ili msuli ulegee pia. Glaikojeni inapokwisha na ATP ikaisha, kila uzi uliokuwa umeshika unabaki umeshika. Huo ndio mkakamao, ule ugumu wa mzoga ambao kila mchinjaji anaujua kwa mikono yake.

Baridi inaingia kwa njia ya vile vifuko. Halijoto ikishuka chini ya nyuzi 10 hivi mapema mno, vifuko vinashindwa kuzuia kalsiamu. Inavuja, na kwa kuwa ATP bado ipo kwa wingi, msuli unajikunja kwa nguvu zake zote, kisha mkakamao unakuja kuufungia hapohapo. Msuli ambao tayari umekakamaa hauna tena ATP ya kujikunjia, kwa hiyo baridi haiudhuru. Kosa la viwanda vya New Zealand lilikuwa la saa chache tu. Kanuni iliyotokana na utafiti huu ni rahisi kukumbukwa: nyama isishuke chini ya nyuzi 10 kabla ya saa 10 kupita tangu kuchinjwa.

Kusubiri, hata hivyo, ni gharama kwa kiwanda chenye foleni ya maelfu ya kondoo, na kuacha nyama kwenye uvuguvugu ni kukaribisha bakteria. Watafiti wakatafuta njia ya kuharakisha mkakamao wenyewe, wakaipata kwenye umeme. Benjamin Franklin, Mmarekani aliyekuwa akifanya majaribio ya umeme katika karne ya 18, aliua batamzinga kwa umeme na kusema kwamba nyama yao ilikuwa laini kuliko kawaida. Jambo hilo likakaa kama hadithi kwa karne mbili. Mwaka 1973 Carse, huko New Zealand, alipitisha umeme kwenye mizoga ya wanakondoo mara baada ya kuchinjwa. Misuli inatikisika na kukaza na kulegea mfululizo, inamaliza glaikojeni yake upesi, pH inashuka, na mkakamao unafika mapema. Baada ya hapo mzoga unaweza kuingia kwenye baridi bila kujikunja. Leo ni jambo la kawaida katika machinjio makubwa ya kondoo na ng'ombe duniani.

Nimelisimulia tukio hili kwa kirefu kwa sababu linafundisha jinsi ya kuutazama ulaini. Mazungumzo ya nyama huanzia kwenye umri wa mnyama na aina yake, na yote mawili yana uzito: mnyama mzee ana kolajeni iliyokomaa, yaani zile kano na ngozi nyembamba kati ya misuli ambazo hazilegei mpaka zichemke kwa saa nyingi. Lakini wanyama wawili wa umri mmoja, kutoka zizi moja, wanaweza kutoa nyama ambazo hakuna mlaji angeamini ni ndugu, kwa tofauti ya yaliyofanyika kati ya kisu na jokofu.

Na ugumu unapimika. Kifaa kinachotumika zaidi kina majina ya watu wawili, Warner na Bratzler, Wamarekani waliokitengeneza kati ya miaka ya 1920 na 1930. Nyama inapikwa hadi halijoto iliyopangwa, inaachwa ipoe, kisha inatobolewa kwa bomba kali ili kupata vipande vya duara vyenye kipenyo cha milimita 12.7, vikiwa vimefuata mkondo wa nyuzi. Kila kipande kinawekwa kwenye tundu la pembetatu katikati ya bamba la chuma, bamba linavutwa, na mashine inaandika nguvu iliyohitajika kukikata. Baada ya hapo ndipo wanaitwa walaji waliozoeshwa kuonja, wanakaa kila mmoja kwenye kibanda chake chini ya taa nyekundu ili rangi ya nyama isiwapotoshe, na majibu yao yanalinganishwa na ya mashine. Mashine inasema ukweli kuhusu meno. Kuhusu ladha haina la kusema.

Tuje basi kwenye ladha, ambayo kwangu ndiyo sehemu ya ajabu zaidi, maana inaanzia kwenye ATP ileile. Nyama mbichi haina harufu ya nyama. Ina harufu hafifu ya damu na chuma, basi. Ndani yake zimo malighafi tu. ATP inapovunjika baada ya mnyama kufa, inapita hatua kadhaa na kuwa inosineti. Mjapani Shintaro Kodama aliitambua inosineti mwaka 1913 katika katsuobushi, minofu iliyokaushwa ya samaki wa jamii ya jodari, akifuata nyayo za mwalimu wake Kikunae Ikeda, aliyeeleza ladha ya umami mwaka 1908. Ladha hiyo ndiyo inayomfanya mtu arudie kijiko cha supu bila kujua kwa nini. Siku zikipita, inosineti nayo inavunjika na kuachia sukari iitwayo raibosi. Nishati iliyokuwa ikimpandisha mnyama mlimani imegeuka sukari inayosubiri moto.

Moto unapofika, raibosi inakutana na asidi amino zenye salfa, hasa sisteini. Mwaka 1960 watafiti wa kampuni ya Unilever, Morton, Akroyd na May, walipata hataza kwa kuonyesha kwamba ukizipasha moto sisteini na raibosi pamoja unapata harufu ya nyama bila nyama kuwepo. Sehemu kubwa ya viungo vya viwandani vyenye ladha ya nyama imetokana na ugunduzi huo. Kemia yake ni tawi la ile aliyoieleza Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, sukari na asidi amino zikiungana na kubadilika kwenye joto. Kati ya mazao yake imo michanganyiko ya salfa ambayo pua ya binadamu inaikamata hata ikiwa nanogramu chache tu katika lita ya maji. Ndiyo maana sufuria moja ya supu inaujulisha mtaa mzima. Kwenye jiko la mkaa mambo yanaongezeka: uso wa nyama ukishakauka, joto lake linapita nyuzi 100 ambazo maji yalikuwa yameuzuilia, rangi ya kahawia inaingia, na inazaliwa michanganyiko mingine, ile ya harufu ya kuchomwa, ambayo nyama ya kuchemsha haiipati kamwe.

Mafuta yanafanya kazi tofauti na inavyosemwa. Donald Mottram na Edwards, wakifanya kazi Uingereza, walichapisha mwaka 1983 jaribio ambalo mimi nalihesabu kati ya mazuri kabisa katika fani hii. Waliondoa kwenye nyama ya ng'ombe mafuta ya kawaida, yale meupe tunayoyaona, kisha wakaipika: harufu ya nyama ilibaki karibu vilevile. Wakaondoa na fosfolipidi pia, mafuta machache yanayojenga utando wa seli, ambayo hata mnofu usio na weupe wowote unayo. Safari hii harufu ya nyama ilififia, ikabaki ya kuokwa, karibu na biskuti. Kumbe fosfolipidi zinapoingia kwenye kemia ya Maillard zinaielekeza kuwa nyama. Mafuta meupe yana kazi zake, yanalainisha mdomo na kubeba harufu inayotofautisha mnyama na mnyama, lakini ile hali ya kuwa nyama imo kwenye mnofu wenyewe.

Harufu ya mnyama mwenyewe inaonekana vizuri kwa mbuzi. Mwaka 1975 Wong na wenzake, huko huko New Zealand, waliihusisha harufu ya kondoo mkubwa na mbuzi na asidi chache za mafuta zenye matawi, ikiwemo asidi ya 4-methiloktanoiki. Ndugu yake, asidi ya 4-ethiloktanoiki, ndiyo inayompa beberu uvundo wake. Na watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2014 kwamba kwenye nywele za beberu kuna 4-ethiloktanali, mchanganyiko unaoamsha mfumo wa uzazi katika ubongo wa mbuzi jike. Ukikutana na hewa unageuka kuwa asidi hiyo. Mfugaji anayehasi mapema hahitaji maabara kumwambia kwa nini mbuzi wake anagombewa na wachoma nyama.

Fosfolipidi hizo hizo zinazozaa harufu njema ndizo zinazoharibu kiporo. Tims na Watts, mwaka 1958, waliandika kuhusu ladha ya nyama iliyopikwa, ikalala kwenye jokofu, ikapashwa: ule utamu umekwenda, kumeingia kitu kama boksi la karatasi. Kupika kunalegeza chuma kilichokuwa kimefungwa ndani ya mayoglobini, protini inayoipa nyama wekundu, na chuma hicho kinachochea oksijeni kuzishambulia fosfolipidi usiku kucha. Viungo vinazuia. Karafuu ni kati ya vyenye nguvu zaidi kwa kazi hiyo, na pilau ya jana haipotezi ladha upesi kama nyama iliyochemshwa kwa chumvi peke yake.

Haya yote yanatuhusu vipi sisi tunaonunua nyama bucha la mtaani? Yanatuhusu sana. Tanzania na Kenya, nyama nyingi inayoliwa mijini imechinjwa usiku au alfajiri, imetundikwa bila jokofu, imenunuliwa asubuhi na kuiva mchana. Katika joto letu mkakamao unawahi, kwa hiyo nyama hiyo inaingia jikoni ikiwa katika hali yake ngumu kuliko zote. Ulaini unarudi baadaye, pale vimeng'enya viitwavyo kalpaini, vinavyoamshwa na ile kalsiamu iliyovuja, vinapokatakata protini zinazoshikilia vipingili vya msuli. Kazi hiyo kwa nyama ya ng'ombe inahitaji siku nyingi kwenye ubaridi wa nyuzi chache juu ya sifuri. Wiki mbili zinatoa sehemu kubwa ya faida. Pasipo jokofu hilo haliwezekani, na mama anayesisitiza nyama ya leo ana haki kabisa, maana ya jana iliyolala kwenye joto ni hatari. Lakini tusichanganye usalama na ulaini. Nyama ya leo ni salama. Laini siyo.

Ng'ombe wetu wana jambo lao pia. Wenye nundu, jamii ya zebu, wana kalpastatini nyingi zaidi, protini inayovizuia vile vimeng'enya. Watafiti wa kituo cha serikali ya Marekani kilichopo Clay Center, Nebraska, walilifuatilia hili kwa miaka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, wakilinganisha ng'ombe wenye damu ya Brahman na Sahiwal na wale wasio na nundu. Maana yake ni kwamba nyama ya zebu inalainika polepole zaidi ikihifadhiwa, na inahitaji siku zaidi. Wako wanaoichukua habari hii kama hukumu, wakisema ng'ombe wetu hafai kwa hoteli kubwa. Mimi naipinga tafsiri hiyo. Mnyama huyu anaishi kwa majani makavu na maji ya mbali, anastahimili kupe ambao wangeua ng'ombe wa Ulaya. Kinachomfikisha mezani akiwa mgumu au bila ladha ni pamoja na mambo ambayo tunayafanya sisi wenyewe, na tunaweza kuyaacha.

La kwanza ni uchovu. Ng'ombe aliyetembea hadi mnadani, akasimama kwenye lori kutoka Shinyanga au Dodoma hadi Pugu, Dar es Salaam, bila maji, akapigwa fimbo wakati wa kushushwa, ameshamaliza glaikojeni yake kabla ya kufika kwa mchinjaji. Bila glaikojeni hakuna asidi ya kutosha, na pH inabaki juu ya 6. Nyama inakuwa nyeusi, inanata mkononi, ladha yake imefifia na inaoza upesi, kwa sababu asidi ndiyo ingewachelewesha bakteria. Kwa nchi inayouza nyama bila jokofu, hasara hiyo ni mara mbili. Glaikojeni ya ng'ombe hairudi kwa usiku mmoja. Anahitaji siku kadhaa za maji, majani na utulivu.

La pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa linakuja pamoja na maendeleo. Machinjio ya kisasa yanajengwa, vyumba vya baridi vinawekwa, na kila mtu anafurahi, nami pia. Lakini mzoga wa zebu ni mdogo na una mafuta machache ya nje; wa mbuzi ni mdogo zaidi na karibu hauna. Mafuta ndiyo blanketi linalochelewesha baridi. Ukiusukuma mzoga kama huo moja kwa moja kwenye chumba cha nyuzi 2, umerudia kosa la New Zealand. Mteja wa hoteli ataonja, ataona ni ngumu, atasema ni mbegu ya ng'ombe.

Jikoni, watu wa pwani wamekuwa na dawa yao siku nyingi: papai bichi. Papaini iliyomo kwenye utomvu wake inakata protini bila kuchagua, na inafanya kazi kwa nguvu zaidi nyama ikiwa inapata moto kuliko ikiwa imelala kwenye bakuli. Katikati ya karne iliyopita Tanganyika na Kongo zilikuwa kati ya nchi zilizouza utomvu huo mkavu nje. Kwa mishkaki, vipande vikiwa vidogo, inafaa sana. Kwa pande kubwa la paja inaligeuza uji kwa nje na kuliacha gumu katikati, kwa kuwa haipenyi.

Iko njia nyingine isiyohitaji umeme wala papai, na nashangaa kuwa haijaenea kwetu. Mwaka 1970 Hostetler na wenzake, Texas, waliandika kuhusu kutundika mzoga kwa mfupa wa nyonga badala ya kano ya kisigino. Mzoga uliotundikwa kwa kisigino mguu wake unanyooka nyuma, na misuli ya paja na ya mgongo inalegea, huru kujikunja. Ukitundikwa kwa nyonga, mguu unaning'inia kwa mbele kama mnyama aliyesimama, na misuli hiyo hiyo inavutwa na uzito wake hadi mkakamao uifungie ikiwa mirefu. Sarara hainufaiki, kwani ndiyo iliyokuwa ikinyooshwa na utundikaji wa kisigino, lakini sarara ni kipande kidogo na ni laini hata hivyo. Paja na steki ya mgongo ndizo nyama nyingi.

Machinjio yoyote yanaweza kulijaribu bila mtafiti. Mzoga mmoja upasuliwe nusu mbili, moja itundikwe kwa kisigino na nyingine kwa nyonga, ndani ya saa moja tangu kuchinjwa. Kesho yake ukatwe msuli uleule wa mgongo kutoka kila upande, vipande vya unene mmoja, vipikwe kwa muda mmoja kwenye jiko moja, visahani vitiwe alama chini ambako mlaji haoni. Kisha wapewe wachinjaji wenyewe wale, waseme.